Nyota Zimevutika, Picha Ina Chenga: Utatuzi wa Matatizo ya Picha za Anga kwa Walio Arusha na Moshi

Malalamiko ya wapiga picha za anga wa huku kwetu yanafanana: nyota zimekuwa mistari, picha imejaa chenga, anga imegeuka rangi ya chungwa, kona nyeusi. Ushauri unaotolewa haraka ni kununua lenzi nyingine. Mara nyingi lenzi haina kosa. Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wanaoishi nyuzi 40 au 50 kaskazini mwa ikweta, na namba zao zinafaa huko. Sisi tuko kama nyuzi 3.4 kusini. Nyota ya Kaskazini hatuioni, kundinyota la Jabari (Orion) linapita utosini, na maunti (kile kitako chenye mota kinachobeba darubini) inalazimika kufanya kazi katika pembe ambayo walioitengeneza hawakuifikiria sana.

Kwa hiyo usianze na ISO (namba ya kamera inayokuza mwanga uliokwisha ingia). Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, utazame nyota ya katikati, kisha za kona zote nne. Nyota zote zikiwa zimevutika kuelekea upande mmoja, kuna kitu kimesogea. Za katikati zikiwa duara na za kona zimepinda kuzunguka katikati, ni uwanja wa picha unaozunguka. Zote zikiwa nene kama vidonge, ni fokasi au umande. Za kona zikiwa na mikia inayotazama nje au ndani, tatizo liko kwenye vioo au nafasi ya kamera. Ukishajua umbo, nenda kwenye kipengele chake hapa chini.

Nyota zote zimevutika upande mmoja

Kama kamera iko juu ya stendi tu, bila mota, sababu ya kwanza ni muda wa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Kanuni inayojulikana ni kugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, na kama sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ni ndogo ya APS-C, kugawa tena kwa 1.5 (Canon ni 1.6). Lenzi ya mm 18 inakupa sekunde 18. Mimi naiona ni kanuni ya watu wanaotazama picha kwenye simu. Kwa sensa ya megapikseli 24, weka 300 mahali pa 500, upate sekunde 11, kisha ukaze au ulegeze kutoka hapo.

Tena angalia umeelekeza wapi. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokimbia kuliko zote, na ikweta hiyo inapita karibu na utosi wetu. Mkanda wa Jabari utavutika mara mbili ya Salibu (Msalaba wa Kusini) kwa muda uleule wa shata, kwa sababu Salibu iko nyuzi 60 kusini na huko mwendo unapungua hadi nusu. Mtu anayepiga Salibu kwa sekunde 20 akapata nyota nzuri, kisha akageukia Jabari kwa mpangilio huohuo, ataona mistari na kudhani kamera imeharibika.

Sababu ya pili ni mtikisiko. Hapa mstari hauwi mnyoofu. Una kona, au kichwa king'avu na mkia mwembamba. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au waya wa kufyatulia. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi ukiwa juu ya stendi. Usiinue ile nguzo ya katikati. Kama uko kwenye balkoni au juu ya paa la zege, mwambie mwenzako asitembee.

Kama una maunti inayofuata nyota na bado unapata mistari, angalia kwanza swichi ya N na S. Maunti ndogo za kufuata nyota karibu zote zinayo, na wengi wanadhani tukiwa karibu na ikweta haina maana. Ina maana sana. Ikiwa kwenye N, mota inazunguka kinyume, na mistari inakuwa mirefu mara mbili kuliko kama ungezima mota kabisa. Weka S.

Swichi ikiwa sawa, tatizo ni mhimili, na hapa ndipo kuishi Arusha kunapokuwa na adha yake. Mhimili wa maunti ya ikweta unatakiwa uelekee ncha ya kusini ya anga. Kwetu ncha hiyo iko nyuzi 3.4 tu juu ya upeo wa macho. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4, yaani hafifu hata ikiwa juu. Ikiwa chini hivyo, ndani ya vumbi na moshi, isahau. Kile kidarubini kidogo cha kutafutia ncha hakina kazi hapa.

Ukaguzi mwepesi: weka simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya mhimili na usome pembe. Inatakiwa iwe karibu nyuzi 3.4. Maunti nyingi haziteremki hadi hapo kwa skrubu zake, na chuma cha kusawazisha uzito kinagonga mguu wa stendi. Kwa maunti ndogo, ondoa kile kipande cha pembe kilichokuja nayo na uifunge juu ya kichwa cha kawaida cha stendi kinachoweza kuinamishwa kidogo. Kwa maunti nzito, wengine wanafupisha mguu mmoja wa stendi. Inawezekana, lakini uzito unahama: fanya hivyo bila darubini juu yake kwanza, na kama stendi inanyanyua mguu ukiisukuma kidogo, acha. Kabari ya chuma inayochongwa na fundi wa kuchomelea ni salama zaidi.

Kisha sahihisha kwa kutazama nyota inavyohama. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, iweke katikati, uifuate kwa dakika 5. Ikihama kaskazini au kusini, geuza maunti kidogo kulia au kushoto. Kama mhamo umezidi, geuza upande wa pili. Baadaye chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi, na safari hii rekebisha mwinamo wa juu na chini. Rudia hadi nyota itulie. Mwenye kompyuta uwanjani atumie N.I.N.A., programu ya bure yenye nyongeza inayosawazisha mhimili kwa kupiga picha tatu sehemu yoyote ya anga bila kuhitaji kuona ncha. Kwa eneo letu hiyo ni dawa.

Mwisho, ukipata picha nzuri na mbaya zikipokezana katika mfululizo mmoja, ni meno ya gia. Fupisha muda wa shata na utupe zile mbaya. Acha uzito wa upande wa mashariki uzidi kidogo ili meno yashikane muda wote. Ukisikia mota inasaga au inagonga, zima. Usifungue sanduku la gia mwenyewe.

Katikati ni safi, kona zimepinda

Hili ni la wenye maunti inayokwenda juu-chini na kulia-kushoto, zile zenye mkono mmoja zinazojitafutia nyota zenyewe. Zinafuata nyota vizuri, lakini anga linazunguka ndani ya picha. Kinachosahaulika ni kwamba kasi ya mzunguko huo inategemea unatazama wapi, na karibu na ikweta tofauti ni kubwa.

Ukielekea kusini kabisa kwenye Salibu ikiwa juu ya meridiani (mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini), nyuzi 33 kutoka upeo, anga linazunguka kwa nyuzi 18 kwa saa. Sekunde 30 ni nyuzi 0.15, na kwenye kona ya picha yenye pikseli 6000 kwa 4000 huo ni mvutiko wa pikseli 9. Sekunde 10 ni pikseli 3, unazoweza kuzivumilia. Lakini ukielekea mashariki au magharibi kabisa, mzunguko unakaribia sifuri.

Mfano mzuri ni nebula (wingu la gesi) ya Jabari, M42. Katikati ya Januari inapita juu yetu karibu saa nne na nusu usiku, nyuzi 2 tu kutoka utosini. Watu wanaingoja hapo, wakiamini kitu kikiwa juu kabisa ndipo kinapopigwa. Kwa maunti ya aina hii ni saa mbaya kuliko zote: inalazimika kujigeuza kwa kasi isiyoiweza, na picha inazunguka vibaya. Ipige saa mbili na nusu usiku ikiwa bado mashariki. Wakati huo mzunguko ni chini ya nyuzi 3 kwa saa, na sekunde 30 zinaacha mvutiko wa pikseli moja na kidogo. Au ngoja ivuke, uipige ikiteremkia magharibi.

Nyota ni nene, hazina ncha

Fokasi ya kujiendesha haioni nyota. Izime, weka ya mkono. Alama ya ukomo kwenye lenzi usiiamini. Lenzi nyingi zinapita hapo. Washa picha ya moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma, kuza mara 10, lenga nyota kali (Suheli, Shira, au Rijili Kantori kwa kutegemea msimu), uzungushe hadi iwe nukta ndogo kabisa. Bandika utepe kwenye pete ya lenzi ili isiguswe. Kwa darubini, tengeneza kifuniko cha Bahtinov kwa kadibodi ngumu: kinatoa mistari mitatu juu ya nyota, na wa katikati ukikaa sawasawa baina ya miwili, umefika.

Kama fokasi ilikuwa nzuri saa mbili na saa tano imeharibika, ni baridi. Bomba la darubini linasinyaa hewa ikipoa. Rekebisha fokasi upya kila baada ya saa moja.

Kama nyota zimezungukwa na ukungu na kila picha ni hafifu kuliko iliyotangulia, mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni. Umande. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ina umande mwingi, Machame na Ilboru kuliko uwanda wa chini. Mkanda wa joto wa kufunga kwenye lenzi, unaotumia pawabanki, unatosha. Kwa dharura, kofia ndefu ya karatasi nyeusi mbele ya lenzi inasaidia. Usifute kwa kanga wala shati. Umande unashika vumbi letu, na kufuta ni kusugua mchanga kwenye kioo.

Wenye darubini ya Newton (inayotumia vioo badala ya lenzi) wanaweza kukuta fokasi haipatikani kabisa: unazungusha hadi mwisho wa ndani na nyota bado ni duara kubwa. Darubini haijaharibika; kamera inakaa mbali mno na kioo. Lenzi ya Barlow kati ya kamera na darubini mara nyingi inatatua. Kusogeza kioo kikuu mbele kunawezekana pia, lakini kunahitaji kutoboa bomba, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua.

Picha imejaa chenga

Chenga hazisababishwi na ISO kubwa kama watu wanavyoamini. Zinatokana na mwanga kidogo, na ISO haiongezi mwanga hata chembe; inakuza tu kile kilichokwisha ingia. Ukishusha hadi ISO 200 kisha ukaangaza picha kwenye kompyuta, chenga zitatoka zilezile au zaidi. Kwa kamera nyingi, kati ya 800 na 3200 panafaa. Fungua tundu la lenzi, piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), na piga nyingi.

Kurundika picha, yaani kuunganisha nyingi za kitu kilekile kuwa moja, ndiyo tiba yenyewe. Picha 16 zikirundikwa kwa DeepSkyStacker, Siril au Sequator, zote za bure, chenga zinapungua hadi robo. Picha 64, hadi moja ya nane. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kukupa hilo.

Nukta nyekundu, kijani na buluu zinazokaa palepale katika kila picha ni joto la sensa. Piga picha za giza: kifuniko kwenye lenzi, muda uleule, ISO ileile, usiku uleule. Chache zitatosha, 15 hadi 20. Kama badala ya nukta unaona michirizi yote ikielekea upande mmoja baada ya kurundika, sogeza kamera pikseli chache kila baada ya picha kadhaa.

Kuna pia lile la "kamera imeganda": shata imefunga, kamera haikubali kitu kwa sekunde 30 nyingine. Haijaganda. Kipunguza chenga cha picha ndefu kimewashwa, na kamera inajipigia picha ya giza ya muda uleule. Kizime kwenye menyu, usipoteze nusu ya usiku. Na mwanga wa ajabu unaoingia juu ya picha kwenye kamera za kioo? Ziba kitundu cha kuchungulia. Taa ya mlinzi inapenya humo.

Anga imekuwa chungwa, au nyeupe kabisa

Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kwenye kamera. Kilima kikiwa kimesogea kupita nusu, umezidisha muda au ISO. Kirudishe hadi kisimame kati ya robo na theluthi kutoka kushoto, bila kugusa ukuta wa kushoto. Rangi ya chungwa yenyewe si tatizo kama umepiga RAW. Mizani ya rangi hurekebishwa baadaye. Kwa JPEG imekula kwako.

Kisha fikiria umesimama wapi. Salibu na kitovu cha Njia Nyeupe viko kusini. Aliye Ilboru au Kibosho, juu ya mji kwenye mteremko, akitazama kusini anapiga juu ya taa za mji wote. Aliye Njiro ameuacha mji mgongoni. Kabla ya kununua chujio la kuzuia mwanga wa mji, panda daladala. Machujio hayo yalifaa taa za zamani za sodiamu, ambazo mwanga wake ulikuwa wa rangi chache. Taa za LED zinatoa rangi zote, na chujio haliwezi kutenganisha. Uwanda wa Monduli, Longido au Simanjiro utakupa zaidi ya chujio lolote, ukienda na wenyeji na kwa ruhusa. Angalia kalenda ya mwezi pia. Na Julai hadi Oktoba, vumbi la kiangazi linarudisha mwanga chini hata mbali na mji.

Madoa ya duara na kona nyeusi

Madoa yasiyohama ukibadilisha nyota ni vumbi, kwenye sensa au kwenye chujio. Dogo na jeusi liko karibu na sensa, kubwa na hafifu liko mbali. Tiba ya kwanza ni picha za mwanga sawa: bila kuondoa kamera wala kugusa fokasi, funika darubini kwa fulana nyeupe safi iliyonyooshwa, elekeza kwenye anga la alfajiri kabla jua halijatoka, piga 20. Programu itafuta madoa na kona nyeusi kwa pamoja. Ukishazungusha kamera, hazifai tena.

Vumbi likizidi, tumia pampu ya mpira ya kupulizia, kamera ikiwa imeinamishwa chini. Usitumie kopo la hewa. Linatema kimiminika kinachoacha doa la kudumu. Usipulize kwa mdomo. Doa lisipotoka kwa pampu, mpelekee fundi wa kamera. Kioo cha sensa kikikwaruzwa, gharama inakaribia ya kamera nyingine.

Nyota za kona zina mikia

Kona zote nne zikiwa sawa: kwa lenzi, punguza tundu kutoka f/2.8 hadi f/4. Kwa Newton, ni tabia ya kioo chenyewe, inahitaji lenzi ya kusahihisha, na sensa ikae umbali sahihi kutoka kwayo, mara nyingi mm 55. Kona moja au upande mmoja tu: kamera imelala, kaza adapta. Mikia ikiwa hadi katikati ya picha: vioo havijalingana. Safari ya Moshi hadi uwandani kwenye barabara ya vumbi inatosha kuvisogeza. Zungusha skrubu robo duara tu kwa mara moja, ukitazama nyota iliyotolewa kidogo kwenye fokasi. Lenzi za mbele za darubini ya kioo cha kupenyeza usizifungue kamwe. Zimepangwa kiwandani, na kuzirudisha sawa bila vifaa ni bahati nasibu.

Sayari inachemka

Mshtarii unatetemeka kama sarafu chini ya maji. Ni hewa. Paa la bati na ukuta wa zege vinatoa joto hadi usiku mkubwa. Hamia kwenye nyasi, acha darubini nje saa nzima ipoe, piga video ya maelfu ya fremu fupi, urundike zilizo bora.

Jua ni jambo jingine. Kabla ya chujio la jua kukaa mbele ya darubini, si nyuma kwenye kijicho, usiielekeze huko hata kwa sekunde moja. Retina haina maumivu. Unaungua bila kujua. Funika pia kidarubini kidogo cha pembeni. Chujio likiwa na tundu au mkunjo, litupe. Na leza ya kijani ya kuonyeshea nyota iache nyumbani ukiwa karibu na KIA au uwanja wa Arusha: inapofusha marubani.

Maunti inajizima au inaruka

Karibu kila mara ni umeme mdogo. Pima kwa mita wakati mota zinazunguka kwa kasi, si zikiwa zimetulia. Ikishuka chini ya volti 11.5, badilisha betri au fupisha waya. Waya mrefu mwembamba unakula volti. Angalia plagi inacheza. Ukitumia betri ya gari, weka fyuzi karibu na betri, na hakikisha chanya iko kwenye pini inayotakiwa kabla ya kuchomeka, maana ukigeuza, bodi inaungua papo hapo. Kwa wanaochomeka ukutani, tumia betri katikati, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo usifike kwenye maunti. Ukinusa harufu ya kuungua au plagi ikawa moto, chomoa upande wa betri kwanza, na usiwashe tena kujaribu. Mpelekee fundi wa elektroniki ikiwa hivyo hivyo.